Thadipati, komprihensivu, bima ya nyumba ama mwavuli: ipi itakusimamia ukidaiwa kuliko limiti yako

Wanaoniuliza habari ya bima ya mwavuli karibu wote wana ndugu Marekani. Mtu anapigiwa simu na dadake aliyeko Minneapolis ama Columbus, anaambiwa sisi huku tunalipa dola kidogo kwa mwaka na tunakingwa hadi dola milioni nzima tukishtakiwa, basi kesho yake anakuja kuniuliza hio hapa Mombasa inauzwa wapi na mbona ajenti wake hajawahi kumtajia. Ni swali la maana sana, na mimi kwa vile niko upande wa madai ya bima hapa mjini nataka nilijibu kwa kirefu, manake faili zinazoniumiza sio za watu wasiokuwa na bima. Ni za watu waliokuwa nayo, halali kabisa, wanalipa kila mwaka bila kuchelewa, alafu hukumu ikaja kubwa kuliko limiti, yaani kiwango cha mwisho ambacho bima italipa, na kilichobaki kikawa chao.

Kwa hivo ntalinganisha vitu vinne: thadipati peke yake (bima ya gari ya kumlipa mtu uliyemuumiza), komprihensivu (inayokinga na gari lako pia), bima ya nyumba ile wanaita domestiki pakeji, na hio mwavuli yenyewe, inayokaa juu ya bima zako zingine. Na ili tusichanganyikiwe ntatumia visa viwili tu, vya kutunga lakini vya kila siku.

Kisa cha kwanza ni gari. Jioni unatoka Nyali unaelekea Kongowea, kuna msongamano, matuktuk yanakatiza, unamgonga mtu anavuka barabara na anafariki. Ana miaka 35, mshahara wake baada ya makato ni shilingi 80,000 kwa mwezi, ana mke na watoto. Familia inaenda kortini. Sasa hesabu ya mahakama zetu kwa kifo inaenda hivi: mshahara wa mwezi mara 12, mara miaka ambayo hakimu anaona angeendelea kufanya kazi, mara sehemu ya pesa iliyokuwa inaenda kwa familia, ambayo kwa mtu mwenye mke na watoto huwa ni theluthi mbili. Tuseme hakimu amempa miaka 20. Yaani 80,000 mara 12 mara 20, chukua theluthi mbili, unapata 12,800,000. Hapo hujaweka gharama za mazishi, wala za wakili, wala riba. Hakimu anaweza kusema marehemu naye alivuka vibaya akampa asilimia 20 ya lawama, basi inashuka hadi 10,240,000, bado ni pesa ya nyumba.

Kisa cha pili ni nyumbani. Una nyumba Bamburi, uwanjani kuna minazi mirefu, mkwezi hajaitwa muda mrefu na nazi zimekauka juu. Siku ya harusi ya binti yako wageni wameegesha chini ya minazi, nazi inaanguka, inamvunja mgeni fuvu. Theatre, ICU, miezi hawezi kazi. Tuseme jumla inakuja milioni 4. Watu wanasema ah hio ni kudra ya Mungu, na kweli ni kudra, lakini Kenya kuna sheria ya wenye kumiliki na kukaa kwenye majengo, sura ya 34, inayosema unawajibika kuchukua tahadhari ya kutosha ili mgeni wako asiumie, na wakili wa mgeni ataiuliza korti kama mtu mwenye minazi juu ya parking hakujua nazi huanguka.

Haya, tuanze.

Thadipati peke yake

Hii ndo ya lazima, inatokana na sheria ya bima ya magari sura ya 405. Watu wengi wanajua ni lazima lakini hawajui inalazimisha nini hasa. Inalazimisha kava ya kifo na majeraha ya mtu mwengine, basi. Mali ya mtu, kama vile gari lake ama ukuta wake ama kibanda chake cha viazi karai, sheria hailazimishi, kampuni nyingi huweka tu kwenye mkataba kwa kiwango fulani. Abiria uliowabeba kwenye gari lako la kibinafsi, shemeji na watoto wake mnaenda Malindi, nao sheria haikulazimishi kuwawekea, lazima uulizie kava ya abiria, PLL, kando. Matatu na teksi ni tofauti, hao abiria wanalipa kwa hivo wako ndani ya sheria.

Na kubwa zaidi, tangu marekebisho ya 2006 sheria inalazimisha bima kulipa hadi shilingi milioni 3 tu kwa dai la mtu mmoja. Wakiumia watu wanne kila mmoja anahesabiwa peke yake, lakini kwa mmoja hapo ndo mwisho.

Rudi kwenye kisa chetu. Hukumu 12,800,000, bima inatoa 3,000,000, inabaki 9,800,000. Hio ni yako. Na usidhani itasahaulika, hukumu ya korti Kenya inaweza kutekelezwa ndani ya miaka 12, kwa hivo hata kama leo huna kitu, ukija kununua ploti Mtwapa mwaka wa saba huyo wakili bado anaweza kuja nayo.

Kisa cha nazi: sufuri. Bima ya gari haihusiki.

Komprihensivu

Hapa naomba msome polepole kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumia. Mtu analipa komprihensivu, primiamu (malipo ya mwaka) mara kadhaa ya thadipati, anajiona ameweka kila kitu. Jina lenyewe linakufanya ulale usingizi. Lakini zile pesa za ziada unazolipa zinaenda wapi? Zinaenda kwenye gari LAKO. Likiibiwa, likichomeka, likipinduka Mariakani, utalipwa. Ile sehemu ya kumlipa mtu uliyemuumiza mara nyingi imebaki palepale, milioni 3 kwa mtu mmoja. Kwenye skejuli nyingi ninazoziona, ile karatasi ya bima yenye limiti zako, imeandikwa milioni 3 kwa mtu, milioni 20 kwa tukio zima, na mali ya watu milioni 5 hivi, zingine chini ya hapo. Ile milioni 20 ndo inawapoteza watu, wanaiona kubwa wanatulia. Hio ni ya jumla ya watu wote kwenye ajali moja, haimaanishi marehemu wetu mmoja atapata 20.

Kwa hivo ukipeleka kisa chetu kwenye komprihensivu ya kawaida, gari lako linatengenezwa, na wewe bado unadaiwa 9,800,000. Yaani gari la milioni moja na nusu limekingwa kikamilifu, nyumba ya milioni kumi na tano haijakingwa. Nasema hivi kwa uchungu kabisa, kuna wazee wamemaliza miaka thelathini bandarini wakajenga nyumba moja tu ya maisha, na hakuna siku hata moja ajenti aliwahi kuwaeleza tofauti hii.

Kitu kizuri ni kwamba kwenye komprihensivu una nafasi ya kuongea. Unaweza kumwambia broka wako nataka limiti ya majeraha kwa mtu mmoja ipandishwe, kutoka 3 iwe 10, nipe bei. Kuna watakaokataa, kuna watakaokupa, na nyongeza yake huwa ndogo ukilinganisha na primiamu nzima kwa sababu ajali za kufika huko juu ni chache. Hii ndo hatua ya kwanza ya mtu wa Mombasa anayetaka ulinzi kama ule wa mwavuli, kabla hata hujaenda kutafuta kitu cha kigeni. Na uongeze PLL kama unabeba familia.

Kitu chengine ambacho watu hawakiwazi ni nani aliyekuwa akiendesha. Ukimtuma mpwa wako akakuchukulie mzigo Changamwe na gari lako, akagonga, unashtakiwa wewe mwenye gari pamoja na yeye kwa sababu alikuwa kwenye shughuli yako. Dereva uliyemwajiri ni hivohivo. Kwa hivo usijipime kwa uendeshaji wako peke yako, hesabu kila mkono unaoshika ule ufunguo.

Domestiki pakeji

Hii naipenda na nasikitika hainunuliwi. Huku Kenya imepangwa kwa sehemu za herufi na karibu kila kampuni inafuata mpango huohuo: A ni jengo, B ni vitu vya ndani, C ni vitu unavyotembea navyo kama simu na laptopu na dhahabu, D ni wafanyakazi wa nyumbani, E ni dhima yako, yaani wajibu wa kumlipa aliyeumia, kama mwenye jengo, F ni dhima yako kama mkaaji na kama mtu binafsi. Watu wakinunua wanaangalia A na B tu, moto na wezi. Mimi nakwambia geuza karatasi usome D, E na F.

Kisa cha nazi kinaangukia E au F, kutegemea wewe ni mwenye nyumba ama mpangaji. Hapa sasa una kava! Lakini tena ni habari ya limiti. Nyingi zinakuja na kiasi kidogo kilichojazwa tu, mtu hata hakuulizwa. Tuseme yako imeandikwa milioni 1, mgeni amepewa milioni 4, unabaki na milioni 3 shingoni. Kuipandisha E ama F kutoka milioni 1 hadi 5 ni kati ya vitu rahisi zaidi kwenye bima nzima kwa bei, kwa hivo usiache hio namba ijazwe na mtu mwengine.

F pia inaweza kukusaidia mambo ambayo hayahusiani na jengo: mtoto wako amempiga mwenzake jiwe la jicho bila kukusudia, mbwa wako wa ulinzi ametoka geti akamng'ata mpita njia, tangi la maji limeporomoka juu ya paa la jirani kule Tudor. Na tukiongelea watoto, mtu mzima ana miaka 3 ya kufungua kesi ya majeraha, lakini kwa mtoto muda unaanza kuhesabiwa akifika 18, kwa hivo mtoto wa jirani aliyeumia kwenye swimming puli yako leo anaweza kukushtaki akiwa kijana mkubwa. Weka skejuli za zamani, usitupe.

D ni jambo lengine kabisa. Dada wa kazi, mlinzi, yule kijana wa shamba, wakiumia kazini hawaingii kwenye F, wanaingia kwenye WIBA, sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, na mwajiri anatakiwa awe na bima yake, hata mwajiri wa mtu mmoja jikoni. Ulemavu wa kudumu asilimia mia ni mishahara ya miezi 96. Mfanyakazi wa 15,000 kwa mwezi hio ni 1,440,000. Yule mkwezi wa kuitwa siku moja naye uliza mapema anahesabiwa vipi, manake kuanguka mnaziani si jambo la ajabu kwetu.

Udhaifu wa pakeji hii ni biashara. Ukianza kukodisha vyumba kwa wageni wa siku mbili tatu, kama wafanyavyo wengi Nyali na Shanzu siku hizi, wewe huna nyumba ya kukaa tena machoni mwa bima, una biashara, na mgeni akiteleza karibu na puli kampuni itakuuliza mbona hukusema. Hapo unahitaji pablik layabiliti ya biashara, bima ya kumlipa mtu wa nje anayeumia kwenye biashara yako, mkataba wake peke yake, na kwa hili hata mwavuli wa Marekani hautakusaidia, tutafika.

Mwavuli wenyewe

Sasa hii ya Marekani inafanya kazi vipi. Ichukulie kama nyumba ya ghorofa. Ghorofa ya chini ni bima ya gari na bima ya nyumba, juu yake unajenga mwavuli, na hakuna fundi atakujengea juu bila chini kuwa imara. Kampuni za kule nyingi zinataka uwe na dhima ya kama dola 250,000 kwa mtu kwenye gari na dola 300,000 kwenye nyumba ndo wakuuzie mwavuli wa dola milioni 1. Ukiumiza mtu na hukumu ikawa dola 900,000, bima ya gari inamaliza 250,000 yake, mwavuli unachukua 650,000. Wewe huuzi nyumba.

Bei yake kwa miaka mingi imekuwa ikitajwa dola 150 hadi 300 kwa mwaka kwa ile milioni ya kwanza, siku hizi wengi wanalipa zaidi hasa wenye vijana wadogo wanaoendesha, na milioni ya pili huwa rahisi kuliko ya kwanza. Mbona rahisi hivo? Kwa sababu ghorofa ya chini ndo inayobeba ajali za kila siku, juu inafika mara chache.

Kuna kazi ya pili ambayo watu hawaijui. Mwavuli wa kweli hauongezi tu limiti, unaweza kushuka na kushika vitu ambavyo ghorofa ya chini haikuvishika kabisa, kwa mfano umeshtakiwa kwa kumkashifu mtu ama kuingilia siri zake, na hapo unalipa kiasi fulani cha kwanza mwenyewe kisha wao wanaendelea. Ile ambayo inaongeza limiti tu bila kushuka inaitwa eksesi layabiliti na sio kitu kimoja, japo wauzaji wanaziita zote mwavuli. Na gharama za wakili wa kukutetea kwenye mikataba mingi zinalipwa juu ya limiti, hazikatwi ndani yake, hilo peke yake ni jambo kubwa kwa mtu anayeishi nchi ya kesi kama ile.

Haugusi nini? Majeraha yako mwenyewe, gari lako, nyumba yako, kitu ulichofanya makusudi, biashara yako, na deni la mkataba uliosaini. Ukifanya teksi bila kusema, mwavuli nao unafungwa.

Mbona Wamarekani wanauhitaji sana? Angalia ghorofa zao za chini zilivyo fupi kwa lazima. California hadi mwisho wa 2024 sheria ilikuwa inataka dola 15,000 tu kwa mtu mmoja aliyeumia, tangu Januari 2025 ni 30,000. Kwa bei za hospitali za kule hio ni usiku mmoja. Uingereza kwa upande wao hawana sana habari ya mwavuli kwa mtu wa kawaida, kwa sababu sheria yao ya barabara inataka bima ya gari ilipe majeraha ya watu bila kikomo, na mali hadi pauni milioni 1.2, alafu bima zao za nyumba mara nyingi zinakuja na dhima binafsi ya milioni 1 au 2 za pauni ndani. Kwa hivo kama ndugu yako wa Leicester hajawahi kusikia neno hili usishangae, ghorofa yake ya chini imefika juu tayari.

Sisi tuko upande wa Marekani kwa hili. Limiti ya chini fupi, na kinachobaki ni cha mtu.

Na hapa Mombasa? Ukizunguka ofisi za Moi Avenue na Nkrumah Road ukisema nataka umbrela ya familia, wengi watakupa domestiki pakeji ama watakuangalia. Sio bidhaa iliyopangwa kaunta. Usikate tamaa hapo, badilisha maneno. Usimuulize ajenti wa kampuni moja, nenda kwa broka, manake ajenti anakuuzia alichonacho na broka anaweza kupeleka ombi lako kwa kampuni kadhaa. Mwambie nataka dhima binafsi ya milioni 10 ama 20 itakayokaa juu ya gari zangu na nyumba yangu, kama haiwezekani kwa mkataba mmoja basi nipandishie kila moja kwa chini. Hio ya pili ndo utakayoipata mara nyingi, na ukiweza gari kuwa milioni 10 kwa mtu na E na F kuwa milioni 5, umeshajenga sehemu kubwa ya ulinzi huo bila jina lake. Kisa chetu cha Kongowea kinashuka kutoka deni la 9,800,000 hadi 2,800,000, na korti ikigawa lawama kwa asilimia 20 unabakisha 240,000. Kisa cha nazi kinaisha chote.

Tofauti na mwavuli halisi ni kwamba huku utalipia nyongeza kila sehemu, na vitu kama kashfa havitakuwemo. Kama wewe ni mtu wa kuandika sana kwenye makundi ya fesbuku kuhusu wanasiasa na wafanyabiashara, limiti ya gari haitakusaidia na hilo.

Sasa nani achukue nini

Kijana anayepanga Mishomoroni, ana Vitz ya mkopo, hana mali nyengine: komprihensivu utailazimishwa na benki, wewe tia nguvu kwenye limiti ya mtu mmoja na PLL. Bima ya vitu vya ndani na F ndogo ukiweza. Usinunue kingine saa hii.

Mwenye nyumba yake moja na gari moja, mstaafu ama mwalimu ama mfanyabiashara wa kati, wewe ndo ninayekuandikia zaidi. Una cha kupoteza na huna wakili. Kama pesa haitoshi kufanya vyote, mimi ningekata kwenye vitu vya ndani, sehemu B na C, runinga na sofa zitapatikana tena, nikaweka hizo pesa kwenye limiti za gari na E na F. Najua ajenti atakushauri vingine. Wezi wanaogopesha zaidi kuliko kesi kwa sababu tunawaona, lakini mwizi hawezi kubeba nyumba.

Mwenye magari mawili matatu, dereva, dada wa kazi, nyumba Nyali na nyengine za kupangisha: nenda kwa broka na uombe mpango mzima, D ikiwemo, na hapa kweli sukuma habari ya mkataba wa juu mmoja, manake una milango mingi ya kudaiwa.

Mwenye vyumba vya wageni: pablik layabiliti kwanza kabla ya yote haya.

Kwa Waislamu wenzangu wanaokwepa bima ya kawaida, takaful ipo nchini, na maswali ni yaleyale, limiti kwa mtu mmoja ni ngapi, abiria wamo, dhima ya nyumba ngapi. Kuwa ya halali hakuipandishi limiti yenyewe.

Na niseme hili ambalo huwa halisemwi kwenye matangazo. Ile 9,800,000 iliyobaki sio shida yako peke yako. Kuna mjane anayesubiri na watoto wanaofukuzwa shule kwa karo, ana karatasi ya korti mkononi inayosema ana haki, na wewe huna cha kumpa hata akiuza nyumba yako kwa mnada kwa nusu ya bei. Ukipandisha limiti umemkinga na yeye pia, mtu ambaye hujamjua na Mungu aepushe usije ukamjua.

Vitu vinavyoangusha ghorofa zote

Gari la kibinafsi kufanya teksi za app bila kubadilisha bima. Dereva bila leseni ya daraja hilo. Kuchelewa kutoa taarifa, ukipewa karatasi yoyote kutoka kwa wakili ama korti ipeleke kwa kampuni siku hiohio, usiiweke dashibodi. Setifiketi feki, siku hizi za dijitali zinahakikishwa kwenye DMVIC, mfumo wa setifiketi za bima za magari, kwa hivo hakikisha yako inasoma.

Na lile la sulhu. Sisi watu wa Pwani ajali ikitokea wazee wanakaa, tunaenda hospitali, tunatoa mchango, na hivo ndivo inavyotakiwa, usiache ubinadamu kwa ajili ya karatasi. Lakini mikataba karibu yote ina sharti kwamba usikiri kosa wala kuahidi malipo bila kampuni kujua. Kwa hivo nenda ukamjulie hali, peleka chakula, saidia dawa, ila usisaini makaratasi ya kwamba nitalipa gharama zote, wala usimtumie meseji ya namna hio. Piga simu kwa bima yako kwanza.

Kwenye bei, ukipewa kotesheni angalia makato ya serikali: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kulinda wateja, na stempu shilingi 40. Kwa primiamu ya 20,000 hio yote ni 130. Ukiona elfu mbili za "levi" uliza ni za nini.

Wale ndugu zetu wa Marekani wenye nyumba Mtwapa ama Kikambala nao wasidhani mwavuli wao wa kule unafika hadi hapa bila kusema. Mikataba mingi inasema inakinga dunia nzima, lakini inataka ile nyumba itajwe na iwe na bima ya chini yake, na mingine inaweka masharti ya kesi ifunguliwe nchi gani. Mpigie simu broka wako wa huko umwambie nina nyumba Kenya, kuna mlinzi na dada wa kazi ndani, na kuna wapangaji chini, akujibu kwa imeili, na hio imeili uitume kwa yule anayekushikia nyumba huku ili aweke domestiki pakeji yenye E na D zinazolingana na jibu alilotoa.